Moto wa Runda na Ushirikiano wa Polisi wa Kimataifa



Mwishoni mwa mwezi wa Novemba 2014 nyumba moja iliwaka moto katika mtaa wa Runda, kaskazini mwa jiji la Nairobi. Runda si mtaa wa watu wa kima cha chini. Ni makazi ya mabalozi, wakurugenzi wa makampuni na maofisa wa Umoja wa Mataifa, ambao ofisi zao za Gigiri ziko karibu na hapo. Nyumba zake zimezungukwa na kuta ndefu, na mtu aweza kukaa huko mwaka mzima asijue jirani yake ana shughuli gani. Katika moto ule alikufa raia mmoja wa China. Polisi waliofika kuchunguza ajali hiyo walikuta vyombo vya simu na kompyuta visivyolingana na mahitaji ya familia yoyote. Wakaendelea kupekua nyumba nyingine, na katika muda wa siku chache watu 77 walikuwa wamekwisha kutiwa nguvuni.

Habari hizo zilizua hofu kubwa nchini Kenya. Maofisa wa polisi waliwaambia waandishi wa habari kwamba mitambo iliyokamatwa ilikuwa na uwezo wa kuingilia akaunti za benki, akaunti za M-Pesa na mashine za kutolea fedha. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ilimwita mwakilishi wa ubalozi wa China atoe maelezo. Wako waliosema kuwa ni ujasusi. Nchi ambayo mkulima wa Bungoma na mchuuzi wa Kongowea wote huweka akiba zao ndani ya simu haiwezi kusikia habari za namna hiyo kisha ikalala usingizi.

Lakini uchunguzi ulipoendelea ilidhihirika kwamba waliokuwa wakiibiwa hawakuwa Wakenya. Walikuwa watu wa China. Mzee mmoja huko China alipigiwa simu na kuambiwa kuwa jina lake limeonekana katika jambo baya la fedha. Kisha akaunganishwa na mtu aliyejitambulisha kuwa askari polisi, naye akampeleka kwa mwingine aliyejiita mwendesha mashtaka. Huyo wa mwisho, kwa sauti ya upole na ya mamlaka, alimshauri ahamishie akiba yake katika akaunti “salama” mpaka uchunguzi umalizike. Namba iliyotokea kwenye simu ya mzee ilifanana na namba ya ofisi ya serikali. Askari huyo na mwendesha mashtaka huyo wote walikuwa vijana walioketi katika vyumba vya nyumba za kupanga mjini Nairobi, mbele yao karatasi yenye maneno ya kusema.

Mtu aweza kuuliza kwa nini wezi wa China waje kuibia China kutoka Nairobi. Jibu lake ni nyepesi. Mwaka 2009 waya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na gharama ya kupiga simu kwa njia ya intaneti ikashuka. Tangu hapo sauti ya mtu aliye Runda ilifika Beijing kwa wepesi ule ule wa sauti ya mtu aliye mtaa wa pili wa Beijing. Tofauti iliyobaki ilikuwa ya saa tu. Saa tisa usiku ya Nairobi ni saa mbili asubuhi ya Beijing, hivyo mwenye kazi hiyo aliamka wakati majirani wamelala. Polisi wa China, kwa upande wao, hawana ruhusa ya kubisha hodi katika nyumba ya Nairobi. Mwizi alikuwa amejipatia uzio uliotengenezwa na dola yenyewe, nao ni mpaka wa nchi.

Waliokamatwa walifikishwa mahakamani. Mashtaka waliyosomewa yanatueleza hali ya sheria ilivyokuwa wakati ule, kwani miongoni mwake yalikuwamo ya kuendesha mitambo ya mawasiliano bila ya leseni na ya kuwapo nchini kinyume cha sheria. Kenya ilikuwa bado haijatunga sheria yake kamili ya uhalifu wa kompyuta. Ilikuja kuitunga mwaka 2018. Aliyeibiwa alikuwa China, hakumjua hakimu wa Nairobi wala hakimu hakumjua yeye. Kesi ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 5 Aprili 2016 mahakama iliwaachia huru washtakiwa kadhaa, wakiwamo 23 waliotoka katika kisiwa cha Taiwan.

Hapa ndipo kesi ya wizi ilipogeuka kuwa kesi ya mataifa. Taiwan ina serikali yake, polisi wake na mahakama zake, lakini Beijing inakihesabu kisiwa hicho kuwa sehemu ya China. Na Kenya, kama zilivyo nchi nyingi za Afrika, ina uhusiano wa kibalozi na Beijing tu, uhusiano uliofunguliwa Desemba 1963, siku chache baada ya Uhuru. Tarehe 8 Aprili, siku tatu baada ya hukumu ya kuachiwa huru, watu wanane wa Taiwan walipandishwa ndege ya kwenda China. Tarehe 12 wakafuata wengine 37. Kwa jumla walikuwa 45, na ndani ya idadi hiyo walikuwamo walioachiwa na mahakama pamoja na wengine waliokamatwa karibuni. Serikali ya Taiwan ilidai kwamba polisi walitumia mabomu ya machozi kuwatoa waliokataa kuondoka katika chumba cha mahabusu. Televisheni ya China ikawaonyesha wakishuka ndegeni wamefunikwa vichwa kwa vitambaa vyeusi, wameshikwa na askari huku na huku.

Serikali ya Kenya ilijibu kwamba watu hao walitoka China na wamerudishwa China. Kwa hesabu ya kidiplomasia jibu hilo lilikuwa sahihi. Kwa hesabu ya sheria liliacha swali wazi: mtu ambaye mahakama ya nchi imemwachia huru, kwa nguvu ya nani anapelekwa kuhukumiwa mahali pengine?

Haifai kudhani kwamba Beijing haikuwa na hoja. Walioibiwa walikuwa raia wake, wengi wao wazee, na akiba za maisha mazima ziliteketea katika mazungumzo ya nusu saa. Ushahidi ulikuwa China: hesabu za benki, kumbukumbu za simu, na walioibiwa wenyewe. Beijing ililalamika pia kwamba wahalifu wa aina hiyo waliorudishwa Taiwan waliadhibiwa kidogo au hawakuadhibiwa kabisa. Wala lalamiko hilo halikukosa mfano. Katika mwezi ule ule wa Aprili 2016 Malaysia iliwarudisha Taiwan watu 20 waliotuhumiwa kwa wizi kama huo. Waliposhuka uwanja wa ndege wakaachiwa waende zao, kwa sababu polisi wa Taiwan hawakuwa na karatasi yoyote ya ushahidi mkononi. Wananchi wa Taiwan wenyewe walikasirika, na siku chache baadaye wengi wa watu hao wakatafutwa na kuwekwa ndani.

Taiwan nayo ilikuwa na la kusema. Mwaka 2009 pande hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kusaidiana kupambana na uhalifu, na mwaka 2011, baada ya Ufilipino kuwapeleka China watu 14 wa Taiwan na kuzusha ugomvi, ikawa desturi kwamba kila upande uchukue watu wake. Safari ya ndege zile za Nairobi iliivunja desturi hiyo. Na Taiwan haikuwa na mahali pa kupeleka lalamiko lake la kipolisi, kwani China ilipojiunga na Interpol mwaka 1984, Taiwan ilitoka na haijarudi tena.

Desemba 2017 mahakama moja ya Beijing iliwahukumu watu 85 katika kesi iliyoihusu Kenya, 44 kati yao wakiwa wa Taiwan. Vinara wawili walipewa kifungo cha miaka 15. Fedha zilizothibitishwa kuibiwa zilipita yuan milioni 29. Basi wezi walikuwapo, na wizi ulikuwapo. Hatuwatetei. Tunachokitafuta ni njia waliyopitishwa kutoka Nairobi mpaka kizimbani Beijing.

Yapo mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Kumfukuza mgeni nchini ni kazi ya idara ya uhamiaji. Serikali humwambia mgeni kwamba haitaki tena akae kwake, nayo haina haja ya kueleza mengi. Kumkabidhi mtuhumiwa kwa dola nyingine ili ashtakiwe ni jambo jingine kabisa. Hapo inatakiwa dola inayomtaka ipeleke ombi, hakimu asikilize, ushahidi wa mwanzo uonyeshwe, na mtuhumiwa apate nafasi ya kusema kwamba huko anakopelekwa hatatendewa haki. Njia ya kwanza huchukua siku tatu. Ya pili huchukua miaka. Kwa hiyo polisi wa nchi yoyote, wakiwa na haraka na mbele yao kuna rafiki mkubwa anayengoja, huvutwa na ile ya kwanza. Nairobi ilitumia ile ya kwanza.

Hispania ilitumia ya pili. Desemba 2016 polisi wa Hispania, wakishirikiana na wa China, walivamia nyumba kadhaa na kuwakamata watu 269, wengi wao wa Taiwan, waliokuwa wakifanya kazi ile ile ya Runda kwa maneno yale yale. Hispania ilikuwa na mkataba na China wa kukabidhiana wahalifu. Mahakama zilisikiliza, mawakili wakapinga, wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakaiomba serikali isite. Mwishowe Hispania iliwapeleka China. Mwezi wa Juni 2019 peke yake waliondoka 94 wa Taiwan. Waliofika Beijing kutoka Madrid walifika mahali pale pale walipofika wale wa Nairobi, lakini nyuma yao kulikuwa na hukumu zilizoandikwa, ambazo mtu aweza kuzisoma na kuzibishia.

Na zikabishiwa. Mtu mmoja wa Taiwan aliyehusishwa na mtandao huo wa Hispania alikamatwa Poland mwaka 2017. Mahakama za Poland zilikubali apelekwe China. Akakata rufani mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo Oktoba 2022 iliamua kwamba kumpeleka huko kungemweka katika hatari ya kutendewa unyama. Kosa moja, mtandao mmoja, mashauri mawili, na majibu mawili yanayopingana ndani ya bara moja la Ulaya, ambalo kwa mikataba na mahakama limetangulia mbali.

Baadhi yetu tukisikia neno Interpol tunaona mbele ya macho yetu askari wa dunia nzima, mwenye sare yake, anayeshuka kwenye ndege na pingu mkononi. Askari huyo hayupo. Chombo hicho kilianza Vienna mwaka 1923 kama kamati ya polisi wa nchi mbalimbali ya kupashana habari, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake. Makao yake yako Lyon, Ufaransa. Wanachama wake ni nchi 196. Kila nchi ina ofisi yake ndogo inayopokea na kupeleka habari. Anayekamata ni polisi wa nchi, kwa sheria ya nchi. Katiba ya Interpol inakikataza chombo hicho kujiingiza katika mambo ya siasa, kijeshi, dini au rangi. Katika Afrika ya Mashariki wakuu wa polisi waliunda umoja wao mjini Kampala mwaka 1998, na ofisi ya Interpol ya Nairobi ikawa ndiyo sekretarieti yao. Tanzania ni mwanachama wa umoja huo, na pia wa ule wa kusini ulioundwa mwaka 1995, ambao Zambia ni mwanachama.

Lakini kupashana habari hakutoshi pasipokuwa na sheria. Hilo lilijulikana mjini Manila miaka 14 kabla ya moto wa Runda. Mwezi wa Mei 2000 ujumbe uliojifanya barua ya mapenzi ulienea katika kompyuta za dunia kwa muda wa saa chache tu, ukaharibu mafaili na kuzima mitambo ya barua ya mabunge na makampuni. Wapelelezi wa Marekani walishirikiana na wenzao wa Ufilipino, na haukupita muda mrefu kabla hawajamfikia kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta mjini humo. Ushirikiano ulikuwa mzuri na mhusika alijulikana. Ila Ufilipino haikuwa na sheria iliyolifanya jambo lile kuwa kosa. Kushtakiwa nyumbani hakukuwezekana. Wala hakuweza kukabidhiwa kwa nchi nyingine, kwa maana kanuni ya mataifa yataka tendo liwe kosa katika nchi zote mbili. Bunge la Ufilipino lilitunga sheria mwezi uliofuata, lakini sheria hairudi nyuma, na mashtaka yakafutwa.

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilifungua mjini Budapest mkataba wa kwanza wa aina hiyo, uliozitaka nchi ziyafanye makosa hayo kuwa makosa katika sheria zao, na kila moja iwe na ofisi inayopokea simu za wenzake usiku na mchana. Ofisi hiyo ndiyo kiini cha mambo, kwa sababu ushahidi wa kompyuta hauishi kama alama ya kidole ukutani. Hufutwa na mwenye mtambo baada ya muda, hata bila ya nia mbaya. Afrika iliuona mkataba huo kuwa wa Ulaya, na kwa miaka mingi waliojiunga walikuwa wachache sana. Mauritius ilijiunga mwaka 2013 na Senegal mwaka 2016. Umoja wa Afrika ulitunga wa kwake mjini Malabo mwaka 2014, miezi michache kabla ya moto wa Runda. Ulihitaji kuridhiwa na nchi 15, na nchi ya 15 ilipatikana mwaka 2023. Miaka tisa ilikwisha hivyo, na katika miaka hiyo wezi walikuwa kazini.

Sheria za nchi hazikungoja mikataba. Uganda ilitunga yake mwaka 2011, Tanzania mwaka 2015, Kenya na Rwanda mwaka 2018, Zambia mwaka 2021. Tunaitaja ya Zambia kwa makusudi. Mwezi wa Aprili 2024 vyombo vya dola vya Zambia vilivamia kampuni moja katika mtaa wa Roma, mjini Lusaka, na kukamata watu 77, wakiwamo Wachina 22. Huko nako kulikuwa na vyumba vya kuzungumzia, na karatasi za maneno ya kusema, pamoja na mitambo ya kugeuza njia za simu na kadi za simu zaidi ya 13,000. Waliokusudiwa kuibiwa walikuwa Singapore, Peru na Falme za Kiarabu, miongoni mwa nchi nyingine. Tofauti yake na Runda ni kwamba waliokuwa wakiongea walikuwa vijana wa Kizambia, walioitikia tangazo la kazi wakidhani wamepata ajira ya heshima.

Na tofauti ya pili ni kwamba Zambia iliwahukumu yenyewe. Haikupita miezi miwili, mwezi wa Juni 2024, Wachina 22 na raia mmoja wa Cameroon waliokiri makosa walifungwa na mahakama ya Lusaka vifungo vilivyofika miaka 11. Beijing ni rafiki wa Zambia tangu siku za Reli ya Uhuru, nayo ni mkopeshaji wake mkubwa. Hilo halikuzuia kesi kusikilizwa pale kosa lilipofanyika, kwa sheria iliyokuwapo kabla ya kosa. Kilichobaki ni fedha: mtu wa Peru aliyeibiwa kutoka Lusaka hatapata nafuu kwa kusikia kwamba mwizi amefungwa.

Fedha ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na Kampala imeliona hilo. Mwezi wa Novemba 2024 serikali ya Uganda ilithibitisha kwamba mabilioni ya shilingi yamechukuliwa katika akaunti za serikali zilizoko Benki Kuu. Mwanzoni zilivuma habari za wavamizi wa kompyuta kutoka Asia ya Kusini Mashariki. Lakini Februari 2025 waliopandishwa kizimbani katika mahakama ya kupambana na rushwa walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha, na mashtaka yakasema kwamba malipo yaliyokusudiwa kwa mashirika ya kimataifa ya mikopo yaligeuzwa njia yakaenda kwenye makampuni ya Japan na Uingereza. Kuthibitisha au kukanusha hayo ni kazi ya mahakama. Lakini kwa jambo tunalolizungumza, tuangalie njia ya zile fedha. Hata kama aliyebonyeza kitufe alikuwa ofisini Kampala, fedha zilipofika ng’ambo polisi wa Uganda walikuwa wageni kama polisi wa China walivyokuwa wageni Runda. Walihitaji mtu wa upande wa pili apokee simu na azuie akaunti kabla fedha hazijatolewa.

Kwamba simu hizo sasa zinapokewa zaidi kuliko zamani ni kweli, na ni haki kulisema. Kati ya Septemba na Oktoba 2024 Interpol na polisi wa Umoja wa Afrika waliendesha msako walioupa jina la Serengeti katika nchi 19, zikiwamo Tanzania, Kenya, Rwanda, Kongo, Msumbiji na Zambia. Watuhumiwa 1,006 walikamatwa. Nchini Kenya msako huo uligusa wizi wa dola milioni 8.6, ambazo kwa muda mfupi zilikwisha kupelekwa kwenye makampuni ya Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Miezi michache baadaye, katika msako mwingine, Rwanda iliwatia mbaroni watu 45 waliojifanya wafanyakazi wa makampuni ya simu, au ndugu waliopata ajali, na kuwaibia watu zaidi ya dola 305,000 katika mwaka mmoja. Karibu theluthi moja ya fedha hizo ikaokolewa. Hapa nyumbani hatuhitaji kuelezwa mbinu hiyo. Ni nani kati yetu ambaye hajapata ujumbe wa kumwambia “ile hela itume kwenye namba hii”?

Lakini misako hiyo huhesabu waliokamatwa. Nani atamhukumu nani, na kwa utaratibu gani, bado huamuliwa kesi kwa kesi. Hilo laweza kuonekana kuwa jambo la mawakili, na mtu aweza kusema kwamba wale wa Taiwan si ndugu zetu. Yatupasa basi tuangalie mambo yalivyogeuka tangu mwaka 2014. Siku zile wageni waliletwa Nairobi kupiga simu za wizi. Kuanzia mwaka 2022 Kenya ilianza kuwaonya vijana wake juu ya matangazo ya kazi nchini Thailand, kwa sababu waliokwenda walivushwa mpaka mpaka Myanmar, wakanyang’anywa hati za kusafiria, wakawekwa mbele ya kompyuta wawaibie watu wa mbali, na waliokataa wakapigwa. Mwezi wa Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na kiasi cha 100,000 nchini Cambodia, walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vituo vya upande wa Myawaddy vilipovamiwa, maelfu walitolewa na kurundikana mpakani mwa Thailand wakingoja kurudishwa kwao. Miongoni mwao walikuwamo Waethiopia, Wakenya na Waganda.

Huyo kijana wa Kenya au wa Uganda ni nani mbele ya sheria? Kwa aliyeibiwa akiba yake huko China au Marekani, yeye ndiye mwizi, kwani sauti aliyoisikia ni yake. Kwa mama yake aliyeko Kakamega au Mbale, ni mtoto aliyeuzwa. Zote mbili zaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Ni hakimu peke yake, mwenye nafasi ya kumsikiliza, awezaye kupambanua. Afisa wa uhamiaji mwenye orodha ya abiria hawezi. Na kijana huyo, akitakiwa na dola kubwa wakati yumo mikononi mwa dola ndogo yenye haraka, atapata hakimu, au atapandishwa ndege kama walivyopandishwa wale wa Nairobi?

Tarehe 24 Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba wa dunia nzima dhidi ya uhalifu wa kompyuta, na tarehe 25 Oktoba 2025 nchi zikaanza kuutia saini mjini Hanoi. Wazo lake lilitoka Urusi, na mataifa ya Magharibi yalilishuku mwanzoni. Mashirika ya haki za binadamu yangali yanahofu kwamba serikali zitautumia kuwafuata wapinzani wao walioko ng’ambo. Mkataba huo unaitaka kila nchi iwe na ofisi ya usiku na mchana. Unatoa msingi wa kukabidhiana watuhumiwa hata kwa nchi zisizo na makubaliano baina yao. Unairuhusu nchi ikatae ikiwa na sababu nzito za kuamini kwamba mtu anatakiwa kwa ajili ya rangi yake, dini yake, uraia wake au mawazo yake ya siasa. Utaanza kutumika siku 90 baada ya nchi ya 40 kuuridhia.

Na juu ya shauri kama lile la Runda, ambapo nchi zaidi ya moja zinamdai mtu yule yule, mkataba unasema nchi hizo zishauriane. Haukutaja atakayeamua endapo zitashindwa kupatana, wala haukusema mtu huyo akae wapi, na katika mikono ya nani, wakati zinaposhauriana.